Bendeji za Babu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila jioni unapoinama kunivua soksi hizi za kubana, mwanangu. Unazivuta haraka haraka, unazikunja, halafu unataka kurudi kwenye simu yako. Nami kila siku nakwambia ngoja, washa ile taa kubwa, itazame miguu yangu vizuri, wa kushoto na wa kulia, bonyeza hapo juu ya kifundo uone kama kidole kinaacha shimo. Nawe unacheka na kuniambia, "Auntie, they're fine, it's the same as yesterday." Leo kaa chini nikueleze kwa nini sikuachii hata jioni moja. Ni habari ya farasi, lakini usikunje uso. Ni fupi kuliko hizo filamu unazokesha ukizitazama.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilisoma chuo hapa hapa Minneapolis na kuishi kwa shangazi yangu Wairimu kule Brooklyn Park, miaka ya tisini, wakati ambapo ukisikia mtu anazungumza Kiswahili dukani unaacha toroli lako na kumfuata. Shangazi alikuwa nesi mkuu wa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, aliniita Mami, hata alipokuwa amenikasirikia, na alinikasirikia mara nyingi. Kubwa lililomuudhi lilikuwa farasi.

Unajua kwamba babu yako, yaani baba yangu, alikuwa saisi katika shamba moja upande wa Timau. Kazi yake ilikuwa kuwalisha farasi wa watu, kuwasugua na kuwatandika, nami nilikua nikipanda migongoni mwao asubuhi ili wapate mazoezi. Nilipofika Minnesota nilitafuta farasi kama wenzangu walivyotafuta kanisa. Nikampata kusini ya mto, ukishapita Apple Valley nyumba zinapoanza kuachana, katika banda la mama mmoja mjane aliyeitwa Lorna. Nilimwita Bi Lorna, naye akalipenda jina hilo. Magoti yake yalikuwa yamekataa kabisa habari ya kupanda, na alikuwa akitafuta mtu mwepesi wa kumpanda farasi wake.

Farasi mwenyewe alikuwa wa kahawia, ana mvi kuzunguka macho, miaka kumi na saba. Jina lake la mashindano lilikuwa refu na la fahari, sikuweza kulitamka nikiwa na haraka, basi nikamwita Babu. Ukimwita hivyo aligeuza sikio moja tu, kama mzee anayetaka kwanza kujua unamwitia nini. Nilimpenda, mwanangu. Nimewapenda watu wachache kiasi kile.

Sasa nikueleze mashindano yake. Huchukua siku kadhaa, farasi yule yule na mpandaji yule yule. Kwanza farasi anatakiwa aende kwa adabu uwanjani, kila hatua yake ikitazamwa na waamuzi. Halafu inakuja siku ya kutisha. Anapiga shoti mashambani akiruka magogo, mitaro na kuta, akiingia majini na kutoka, na vitu hivyo havianguki ukivigonga, unaanguka wewe. Mwisho, akiwa bado na uchovu wa jana, anaruka miti iliyowekwa uwanjani, ambayo ikiguswa tu inaanguka. Na humo katikati madaktari wa mifugo humtazama akikimbia mchakamchaka kwenye barabara ngumu, na akichechemea hata kidogo wanamtoa.

Farasi wengi wa umri wa Babu huwa wamekwisha kuachwa malishoni wanenepe. Yeye Bi Lorna alikuwa amemwandikisha katika mashindano makubwa ya vuli, mbali kusini, mwendo wa kukokota trela mchana kutwa na kulala njiani. Aliniambia waziwazi kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho. Baada ya hapo Babu hangeshindana tena, nami sikuwa na farasi mwingine wala mtu wa kunipa mwingine. Kila nilichokuwa nakitaka duniani wakati ule kilisimama juu ya miguu minne ya mzee yule.

Tulianza maandalizi theluji ingali imelala kwenye vivuli vya miti. Farasi mzee huwezi kumkimbiza kutoka kitandani. Wiki za mwanzo tulitembea tu kwenye barabara za kokoto, hadi majirani wakadhani sijui kumpanda. Baadaye mchakamchaka, kisha kilima kilichoelekea mtoni, kwenda juu kwa kasi na kushuka kwa hatua. Asubuhi moja tuliporudi kutoka kilimani, nilipompitishia mkono miguuni, nikahisi joto kwenye mguu wa mbele wa kushoto, nyuma yake, pale inapopita kano, ule uzi mnene unaoshikilia mguu. Mguu huo ulikuwa na kovu la ajali ya zamani. Nikamwita Bi Lorna, naye akamwita daktari wa mifugo, daktari akabonyeza, akamkimbiza Babu barabarani, hakuona kitu. Akatuambia tuwe macho tu. Kesho yake joto lilikuwa limekwisha.

Lilikwisha mguuni kwa Babu, likahamia kwangu. Tangu siku ile sikuwa na amani na mguu ule wa kushoto. Nikiwa darasani nauwaza, nikiwa kazini nauwaza, shangazi ananisemesha mezani mimi niko na kano. Nilianza kuulinda kwa kila njia. Farasi anapopiga shoti, mwanangu, huwa anatanguliza mguu mmoja wa mbele, na huo aliotanguliza ndio unaobeba mwishoni mwa kila hatua na ndio unaochoka upesi. Mpandaji mwema humbadilisha, sasa huu, sasa ule. Mimi nikawa simbadilishi. Nilimkimbiza akitanguliza wa kulia, kilimani wa kulia, uwanjani wa kulia, nikampindisha upande wa kulia ili wa kushoto upumzike. Nilijiona nina akili sana.

Halafu kulikuwa na bendeji. Katika banda la Bi Lorna, farasi wote wazee waliofanya kazi ngumu walilala na miguu imefungwa. Ilikuwa desturi yake tangu usichana. Jioni unamwagia miguu maji baridi kwa mpira, unaipaka udongo wa kupoza, unaweka tabaka la pamba, halafu unazungusha bendeji kutoka kwenye kwato hadi chini ya goti, isilegee wala isikaze mno. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo, nimefundishwa na baba yangu mwenyewe. Asubuhi ukizifungua unakuta miguu myembamba, baridi, mikavu kama ya mwanafarasi. Unamtandika pale pale, unamfanyisha kazi, unamwachia malishoni azunguke zunguke, na akiingia ndani jioni unamfunga tena. Ni desturi nzuri, sikatai. Ila ukiitazama vizuri utaona kwamba hakukuwa na saa hata moja ambayo Babu alisimama tu, miguu wazi, mtu akamtazama.

Nami sikutaka iwepo. Hilo nalijua leo. Nilikuwa nikizifungua bendeji asubuhi na kupitisha mkono upesi, nasema asante Mungu, natandika. Mwezi wa joto ukaingia na mvuke wake, mbu wakatula, Babu akazidi kuwa na nguvu. Watu wa mabanda mengine walikuja kumtazama akiruka wakasema hawaamini umri wake. Kila waliposema hivyo nilimwondoa Babu uwanjani upesi, maana mtu akisifia kitu unachoogopa kukipoteza anakuongezea woga tu.

Zikafika mbio za mwisho za mazoezi kabla ya safari. Tulipanda kilima kile cha mtoni kwa kasi kamili, na Babu akavuta mikono yangu kana kwamba ana miaka saba. Kileleni, nilipoanza kumpunguza, nikahisi hatua moja fupi. Moja tu. Ukiwa umemzoea farasi unaihisi kiunoni kabla hujaifikiria. Iliyofuata ilikuwa sawa, na nyingine zote zilikuwa sawa. Nikajiambia ni shimo la panya. Nikashuka, nikarudi nyuma kwa miguu nikatafuta hilo shimo kwenye majani, sikuliona, nikajiambia majani yamelifunika. Jioni ile nilimfunga mguu wa kushoto kwa uangalifu kuliko siku zote.

Jumapili iliyofuata ndiyo siku ninayokwambia. Tulikuwa tuondoke Jumanne alfajiri. Trela lilikuwa limeoshwa, nyasi kavu zimepakiwa, tandiko limeng'arishwa. Shangazi Wairimu, ambaye miezi yote ile alikuwa amekataa hata kuyaona mabanda, akasema baada ya ibada kwamba atakuja kumwombea safari huyo mnyama anayenizuia kwenda kanisani. Alikuja na viatu vyake vya kanisa na gauni lake la zambarau. Alitembea katikati ya banda akiinua miguu juu, akampa Bi Lorna mkono, wakatazamana, mabibi wawili wakali, wakapendana pale pale. Bi Lorna akamwachia kiti chake akaenda kuongea na jirani aliyekuja kuazima kamba.

Shangazi akakaa kunitazama nikifunga. Nilimaliza mguu wa kushoto, nikaenda wa kulia, nikaenda ya nyuma. Nilikuwa najionyesha kidogo, nataka aone kwamba nami nina kazi ninayoijua. Yeye alifuata mikono yangu kwa macho, mguu kwa mguu.

Mwisho akauliza, "Na hizi mnatoa saa ngapi?"

Nikamwambia asubuhi, kisha anakwenda kazini. Akauliza na akitoka kazini, na mchana, nani anamtazama akiwa amesimama bila kitu. Nikamweleza malisho, maji baridi, udongo, nikamweleza kwamba kila asubuhi nikifungua mguu uko mwembamba kabisa na baridi. Nilieleza vizuri, kama ninavyojibu mtihani.

"Hiyo ni kazi ya bendeji," akasema. "Mimi nimekuuliza mguu."

Akaondoa kipande cha nyasi kilichonasa kwenye gauni lake, akaendelea bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekasirika kweli, kwa sababu hasira zake ndogo zilikuwa za kelele.

"Mami, kwa kazi yangu kila evening tunawatoa wazee stockings. Kila evening. Sio ati zimechafuka. Mguu ukikaa umefinywa all the time utakaa mzuri tu, mpaka siku ngozi inapasuka. Mtu lazima autoe, auache, aungoje, ndio auone. Wewe hujamngoja huyu mzee. Unamfunga kila siku kwa sababu unaogopa kuona."

Nikamwambia, kwa ukali ambao singeuthubutu nyumbani, kwamba yeye hajui farasi. Akakubali mara moja kwamba hajui. Akasema farasi kwake ni ng'ombe aliyepelekwa shule. "Lakini wewe nakujua," akasema, "na huyo mnyama ukianguka naye huko kwa magogo, ni mimi nitampigia ndugu yangu simu." Akasimama, akaweka mkono wake kwenye paji la Babu, akaomba kwa Kikuyu, sala fupi. Babu alitulia kama mshirika wa siku zote. Kisha shangazi akachukua mkoba wake akaenda kukaa garini kuningojea.

Nilibaki pale na miguu minne iliyofungwa vizuri. Mwanangu, nilimkasirikia shangazi hadi nikalia, na nilikuwa namkasirikia kwa kuwa amesema kweli. Ningeweza kwenda nyumbani nikaacha mambo yalivyo. Kesho Jumatatu angepumzika, Jumanne angepanda trela amefungwa, kule angeshuka akiwa na miguu myembamba na baridi. Nilizunguka banda zima nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Halafu nikapiga magoti nikaanza kufungua. Nilifungua ya nyuma, nikafungua ya mbele, nikamwosha udongo, nikamkausha. Nikamkuta Bi Lorna akimalizana na jirani, nikamwambia nimemwacha wazi hadi asubuhi, nataka kumwona alivyo. Aliinua nyusi. Kwa muda nilidhani atanikatalia, maana nilikuwa nimevunja desturi ya banda lake bila kumwuliza. Akasema tu kwamba kama ni hivyo, nami nije mapema.

Usingizi sikuupata. Asubuhi nilivuka mto jua likiwa bado jekundu, nikiendesha polepole kwa makusudi, nikiachia magari yote yanipite. Nilitaka nifike na nilitaka nisifike. Nilipoingia bandani Babu alinikaribisha kwa sauti yake ya chini, ile ya kutaka shayiri. Nilipita moja kwa moja hadi mguu wa kushoto. Nikaushika kwa mikono yote miwili, nikashuka nao kutoka goti hadi kwato, taratibu, kama nilivyofundishwa utotoni, macho yamefumbwa. Ulikuwa baridi. Kano ilikuwa imenyooka, ngumu, safi. Kovu lilikuwa kovu. Nikashuka mara ya pili, na ya tatu, nikaanza kucheka peke yangu na machozi yananitoka. Miezi yote ile nimejitesa kwa mguu mzima.

Nikainuka. Nikiwa nainuka niliegemea mguu wa kulia, mkono wangu ukakaa nyuma yake bila mimi kuufikiria. Pale katikati kulikuwa na uvimbe laini, mrefu kama kidole changu cha shahada, na ulikuwa na joto.

Nisikilize vizuri hapa, mwanangu, kwa maana hapa ndipo penyewe. Nilimtoa nje nikamkimbiza mchakamchaka kwenye barabara, nikageuka kumtazama. Hakuchechemea. Alikwenda sawasawa, masikio mbele, akidhani ni siku ya kazi. Nikamrudisha ndani nikaushika tena mguu, na ule uvimbe ulikuwa umeanza kupungua kwa zile hatua chache tu. Nilijua basi jinsi mambo yatakavyokuwa. Nikimfunga sasa hivi, kufikia adhuhuri mguu utakuwa mwembamba. Daktari wa mashindano atamwona akikimbia sawasawa na atampitisha. Bi Lorna atafurahi. Nitapanda, tutaruka, na pengine, pengine, kano ile itatuvumilia siku moja ya kutisha, na baadaye atapumzika maisha yake yote yaliyobaki. Bendeji zilikuwa hapo kwenye ndoo. Nilikuwa nimekwisha kuichukua moja. Niliishika mkononi imeviringwa, na nikasikia gari la Bi Lorna likiingia uani, mlango wake ukifungwa, fimbo yake ikigonga kokoto.

Sitakwambia kwamba nilikuwa jasiri. Nilimwangalia Babu, naye alikuwa ameuweka ule mguu mbele kidogo, inchi moja, ili usibebe uzito. Hakulalamika. Hakuwa na namna nyingine ya kuniambia, na angeniambia hivyo hivyo kila siku kama ningemwacha asimame nimwone. Nikairudisha bendeji kwenye ndoo.

Bi Lorna alipofika nilimwambia ni wa kulia. Alinitazama kana kwamba nimekosea upande. Akashuka kwa shida kwenye magoti yale yaliyomkataa, akaupitishia mkono wake mguu ule, na mkono wake ukasimama palepale wangu uliposimama. Alikaa hapo chini muda mrefu hadi nikaogopa hataweza kuinuka. Nilimweleza yote, jinsi nilivyomkimbiza akitanguliza wa kulia majira yote ili wa kushoto upone, na ile hatua fupi ya kilimani. Nilitaka anigombeze. Aliomba nimsaidie asimame, akajipangusa magoti, akasema, "Usimfunge. Daktari amkute hivi hivi."

Daktari alileta mashine ya kutazama ndani ya nyama. Kwenye kioo chake tuliiona kano ya Babu, nyuzi nyingi zimelala pamoja, na katikati yake doa jeusi dogo pale ambapo nyuzi zimekatika. Alisema kwa kutembea na kwa mchakamchaka ingeshika. Kwa shoti, mashambani, akitua kutoka juu ya gogo na mtu mgongoni, ingekatika yote, na farasi ambaye mguu wake wa mbele umekatika akitua hujiviringisha. Hakuendelea, wala hatukumwuliza kuhusu mpandaji.

Trela lilipakuliwa Jumatatu ile ile. Nilizirudisha nyasi mahali pake. Nilipofika Brooklyn Park macho yamevimba, shangazi alikuwa jikoni na sare yake ya kazi, anasonga ugali kabla ya zamu. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri, kwa sababu ile ilikuwa nafasi yake na aliistahili. Hakuhubiri. Alisema, "Sasa unajua. Kula." Akanipakulia, akakaa mbele yangu hadi nikamaliza, na siku hiyo alichelewa kazini kwa mara ya kwanza niliyopata kuona.

Babu alipumzika majira ya baridi yote, akapona vya kutosha kwa maisha ya kawaida. Hakushindana tena, nami sikushindana tena, na sitakudanganya kwamba hainiumi. Nilikuwa hodari, mwanangu. Nikiona farasi kwenye televisheni wakiingia majini, magoti yangu bado hubana kiti. Lakini Babu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiwabeba watoto wa majirani wa Bi Lorna kwenye barabara za kokoto, na kila nilipomtembelea aligeuza sikio moja. Mimi nikaenda kusomea unesi. Shangazi alipozeeka ni mimi niliyekuwa nikimvua soksi kila jioni katika nyumba hii hii, chini ya taa hii hii, naye akinisimamia kama mkaguzi.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike. Katika maisha utakuwa na kitu unachokipenda sana, na mahali fulani katika kitu hicho patakuwa na joto. Utapafunga. Utakuwa fundi wa kupafunga, na watu watasifu bendeji zako. Nami sikuambii usifunge, kuna wakati wa kufunga. Nakwambia uchague siku mapema, ungali bado unaweza kukataa safari, ufungue yote, usubiri, upatazame. Na ukitazama, usitazame pale tu unapopaogopa. Mimi niliulinda mguu mzima nikauharibu ule niliouamini, kwa sababu woga wangu ulikuwa na macho ya upande mmoja. Kama ni ndoa, kama ni masomo, kama ni mwili wako, kama ni mtu anayekwambia kila siku kwamba yuko sawa, mpitishie mkono pande zote. Najua nawe una mahali pako ulipopafunga msimu huu. Nimekuona usivyomaliza chakula. Sikuulizi. Siku ukitaka kupafungua, mlango wangu unaujua, na nitakaa nawe hadi umalize kula.

Mungu akulinde kila uendako na akurudishe ukiwa mzima. Akupe moyo wa kutazama, akupe na mtu mkali anayekupenda, asiyeogopa kukuuliza. Haya, washa ile taa kubwa. Anza na mguu ule ambao hauniumi.